CHEMIROCHA: MSHIKA BREKI ALIYEFIKA KERICHO BILA KUPANDA MELI

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mlezi wa chama chetu alipotutaka tuandike wasifu wa mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, wenzangu wengi walikimbilia wanasiasa na wapigania uhuru. Mmoja akamnyakua Dedan Kimathi, mwingine akamchukua Mandela, na wa tatu akanitangulia kwa Shaaban Robert ambaye ndiye niliyemtaka mimi. Chelewa chelewa utapata mwana si wako. Nikafunga shule kwenda likizoni bila mtu wa kuandika habari zake.

Mtu wangu nilimpata jikoni kwa nyanya, huko kwetu upande wa Kericho. Nyanya alikuwa akichambua managu huku akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa Kikipsigis ambao nimeusikia tangu utoto. Ndani yake mna jina moja linalorudiwa rudiwa: Chemirocha. Nikamuuliza huyo Chemirocha ni nani hasa. Nyanya akanieleza kwamba alipokuwa msichana mdogo waliambiwa ni kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu swara, anayecheza na kuimba kuliko binadamu yeyote. Zaidi ya hapo hakujua.

Mjomba wangu ndiye aliyenifumbua macho. Mjomba huyu ni mchumaji wa majani chai siku za kazi, na Jumapili huchukua gitaa lake akaimba sokoni na katika harusi. Alicheka sana, kisha akaniambia kwamba Chemirocha hakuwa swara wala jini. Alikuwa Mmarekani, mfanyakazi wa reli, na jina lake ni Jimmie Rodgers. Ati Wakipsigis walisikia sahani zake za santuri, ulimi ukalipindua jina, Jimmie Rodgers likawa Chemirocha. Sikuamini mpaka niliporudi shuleni nikaanza kusoma. Yale niliyoyasoma ndiyo ninayokuletea hapa, nawe utajionea mwenyewe kwa nini sikuweza kulala kabla ya kuyamaliza.

KUZALIWA NA UTOTO WAKE

James Charles Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba, 1897, katika pande za Meridian, mji wa reli ulio katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Baba yake, Aaron Rodgers, alikuwa msimamizi wa vikundi vya watengeneza reli. Kazi hiyo haikumpa nafasi ya kukaa nyumbani. Leo yuko hapa, kesho njia imeharibika maili hamsini mbele, basi huyo ameondoka. Mama yake, Eliza, alikuwa mgonjwa mgonjwa na alifariki Jimmie akiwa na umri wa miaka sita hivi. Ajuaye uchungu wa kufiwa na mama ni yule aliyefiwa. Tangu hapo mtoto yule akawa wa kulelewa huku na kule kwa jamaa, mara kwa shangazi, mara na baba yake kwenye kambi za reli. Kusoma kwake kukawa kwa kuruka ruka kama panzi.

Lakini kitu kimoja kilimkaa moyoni mapema: kuimba mbele za watu. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi alishinda shindano la kuimba mjini Meridian. Inasimuliwa kwamba alitwaa mashuka ya nyumbani akayashona yakawa hema, akaanzisha onyesho lake mwenyewe la kutoza kiingilio. Baadaye akachukua hema halisi dukani na kuliandikisha kwenye deni la baba yake, bila baba mwenyewe kuwa na habari! Hebu fikiria bili ile ilipomfikia mzee. Kisha akatoroka kabisa akafuatana na kundi la wachuuzi wa dawa waliokuwa wakivuta wateja kwa nyimbo na vichekesho.

Mwishowe mzee Aaron alimrudisha. Badala ya kumcharaza tu na kumwacha, alimpa nafasi ya kuchagua: darasani au relini. Kijana akachagua reli. Alikuwa hata hajafika miaka 14.

RELI ILIVYOMFUNZA

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kuchota maji. Alibeba ndoo akiwapelekea maji ya kunywa wafanyakazi waliokuwa wakilaza mataruma na kunyoosha vyuma vya reli katika jua kali la kusini. Wengi wa wafanyakazi hawa walikuwa Wamarekani weusi. Walifanya kazi kwa nyimbo. Mmoja aliongoza, wengine wakaitikia, na kila pigo la sururu au msukumo wa mtaimbo likaangukia penye mdundo wa wimbo, sawa na vile wavuvi wa pwani yetu wanavyoimba wakivuta jarife. Jimmie alikuwa akigawa maji huku masikio yake yakikusanya nyimbo. Walimfundisha kupiga banjo na gitaa wakati wa mapumziko. Hapo ndipo alipoijua muziki wa bluzi, ule wa huzuni ya watu weusi.

Nataka nisimame kidogo hapa, kwa maana jambo hili aghalabu hurukwa. Siku zile sheria za kusini mwa Marekani ziliwatenga watu weusi na weupe shuleni, garini na hata makaburini. Walimu wa kwanza wa Jimmie Rodgers katika muziki hawakuandikwa majina yao popote. Mwanafunzi wao akawa tajiri na mashuhuri, wao wakabaki na sururu zao. Simlaumu yeye kwa kupenda walichomfunza. Lakini anayemsifu mto na aikumbuke chemchemi.

Alipokua alipandishwa akawa mshika breki. Huyu ni mfanyakazi wa treni za mizigo anayeunganisha na kutenganisha mabehewa, anayegeuza njia za reli na kuhakikisha kwamba breki zinashika. Ni kazi ya kupanda na kushuka treni ikiwa mwendoni, usiku na mchana, mvua isimzuie wala baridi. Vidole vya washika breki vilipotea katikati ya mabehewa, na maisha vilevile. Jimmie alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, hasa katika njia ya kati ya Meridian na New Orleans. Njiani alikutana na kina yahe wasio na tikiti, vibarua wanaodandia mabehewa kutafuta kazi, na watu waliofukuzwa kwao na njaa. Hao wote baadaye waliingia katika nyimbo zake.

Kazi yenyewe haikuwa ya kudumu. Leo anaitwa, kesho anaambiwa hakuna mizigo. Akioa mwaka wa 1917, ndoa ile haikudumu, na mwaka wa 1920 akaoa tena. Mke wake wa pili aliitwa Carrie Williamson, binti wa mhubiri. Mwaka wa 1921 wakapata binti, Anita, na mwaka wa 1923 wakapata wa pili, June. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo June akafa akiwa na umri wa miezi sita tu. Jimmie alikuwa mbali akitafuta riziki na hakuwa na nauli. Inasimuliwa kwamba ilimbidi aiweke rehani banjo yake ndipo afike nyumbani kumzika mtoto.

KIKOHOZI

Masaibu hayaji peke yake. Mwaka uliofuata, 1924, Jimmie akiwa na umri wa miaka 27, alikohoa damu. Daktari akampima na kumwambia kwamba ana kifua kikuu.

Ndugu msomaji, ukisikia kifua kikuu leo unafikiria vidonge. Wakati ule havikuwapo. Vijidudu vinavyoleta ugonjwa huu vilikuwa vimegunduliwa na Mjerumani Robert Koch mwaka wa 1882, lakini kujua adui si kumshinda. Dawa ya kwanza yenye nguvu ya kuviua, streptomaisini, iligunduliwa mwaka wa 1943. Katika siku za Jimmie daktari aliweza kumwambia mgonjwa mambo matatu tu: pumzika, kula vizuri, tafuta hewa safi. Mshika breki asiye na akiba angepumzika kwa pesa za nani?

Reli ilikuwa imeanza kumshinda. Akajaribu tena maonyesho ya kuzungukazunguka, na dhoruba ikalirarua hema lake. Akaenda Florida kufanya kazi ya reli, kisha Arizona ambako hewa ni kavu. Kote huko afya yake ilikataa. Mwanzoni mwa mwaka wa 1927 alikuwa amerudi Meridian, mapafu mabovu, mke na mtoto mmoja wa kulisha, mfukoni hamna kitu. Wengine wetu hapo tungeketi kungojea kifo. Yeye alipiga moyo konde. Aliona kwamba mwili umemnyima kazi zote isipokuwa moja, ile ile aliyokatazwa utotoni. Akachukua gitaa.

BRISTOL, AGOSTI 1927

Kwanza alikwenda Asheville, mji wa milimani katika jimbo la North Carolina. Huko akapata nafasi ya kuimba katika kituo kidogo cha redio, akiwa na vijana wa bendi iliyoitwa Tenneva Ramblers. Nafasi ile haikudumu. Wakawa wanahangaika hoteli hii na ile, wakiimbia watalii ili wapate chakula.

Ndipo wakapata habari kwamba bwana mmoja, Ralph Peer, wa kampuni ya santuri ya Victor, amefika Bristol, mji ambao nusu yake iko Tennessee na nusu iko Virginia. Bwana huyu alikuwa amekuja na mitambo ya kurekodi na alikuwa akiwajaribu waimbaji wa mashambani. Jimmie na wenzake wakaenda. Lakini walipokuwa huko walikosana, ugomvi wenyewe ukiwa ni jina gani liandikwe kwenye sahani! Vijana wale wakajitenga wakarekodi peke yao. Jimmie akabaki yeye na gitaa lake.

Tarehe 4 Agosti, 1927, aliingia peke yake akaimba nyimbo mbili tu. Mmoja ulikuwa wa mpenzi wa askari aliyekufa vitani, wa pili ni bembelezo la mtoto. Akapewa dola 100. Siku chache kabla yake, katika chumba hichohicho, ilikuwa imerekodi familia ya Carter kutoka milima ya Virginia, nayo ikaja kuwa mashuhuri vilevile. Kwa sababu hiyo wapenzi wa muziki wa kantri huuhesabu mji wa Bristol kuwa mahali ulipozaliwa muziki huo kama biashara.

Zile nyimbo mbili hazikuvuma sana. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Labda ungengoja barua ya kampuni. Jimmie hakungoja. Ajizi ni nyumba ya njaa. Alifunga safari hadi New York bila kualikwa na mtu, akaingia hotelini, akampigia simu Ralph Peer na kumwarifu kwamba yuko mjini na yuko tayari kurekodi tena. Ujasiri wa aina hiyo si mchezo, hasa kwa mtu asiyejua bili ya hoteli atailipa na nini. Peer akampeleka studio iliyokuwa Camden, New Jersey. Tarehe 30 Novemba, 1927, akaimba wimbo ulioitwa Blue Yodel. Huo ndio uliomtoa gizani. Nakala zake ziliuzwa kwa malaki.

Yodeli ni nini? Ni ule mtindo wa kuimba ambapo sauti inaruka ghafla kutoka chini kifuani hadi juu nyembamba, halafu inashuka tena, bila maneno. Watu wa milima ya Ulaya waliutumia tangu zamani. Jimmie aliuchukua akautia ndani ya bluzi ya watu weusi, akavichanganya na nyimbo za wazungu maskini wa mashambani. Mchanganyiko ule haukuwa umesikika kwa namna hiyo. Mwalimu wetu wa muziki alituchezea sahani moja katika mkutano wa chama, na nakuapia, darasa zima lilianza kwa kucheka na kuishia kwa kunyamaza.

MCHAPA KAZI

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kwa muda usiozidi miaka sita Jimmie alirekodi nyimbo zaidi ya 100. Watu walimpa majina: Mshika Breki Mwimbaji, na tena Mwimba Yodeli wa Marekani. Mwaka wa 1929 alionekana katika filamu fupi akiwa amevaa nguo zake za reli. Alijenga nyumba kubwa huko Kerrville, Texas, kwa sababu hewa ya pale ilisifiwa kuwafaa wenye ugonjwa wa kifua.

Usidhani kwamba nyimbo zilimjia usingizini. Jimmie hakujua kusoma muziki ulioandikwa. Shemeji yake, Elsie McWilliams, dada wa mkewe, alikuwa mpiga piano na mtunzi hodari. Alimsaidia kutunga nyimbo zaidi ya 30, na nyingine hakutaka hata jina lake liandikwe. Kwa kuwa Jimmie hakusoma noti, Elsie alilazimika kusafiri hadi alipo, akamwimbia na kumpigia piano mpaka azishike kichwani. Nyuma ya mwimbaji huyu mmoja kulikuwa na mwanamke mmoja aliyefanya kazi gizani, na mimi naona ni haki atajwe katika jarida letu.

Tarehe 16 Julai, 1930, huko Hollywood, alirekodi wimbo pamoja na Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta mweusi mashuhuri wa jazi. Ilikuwa nadra mzungu wa kusini kurekodi na mtu mweusi siku zile. Mwanzoni mwa 1931 ukame mkali uliwakumba wakulima wa Texas, Oklahoma na Arkansas, na Jimmie akazunguka akiwaimbia watu pamoja na mchekeshaji Will Rogers ili fedha zipatikane kwa ajili ya Msalaba Mwekundu. Majina yao yanafanana lakini hawakuwa ndugu.

Mwaka huohuo wa 1931 alifanya jambo lililonigusa kuliko yote. Aliimba kuhusu ugonjwa wake mwenyewe. Wimbo unaitwa T.B. Blues, na mwenzake katika kuutunga alikuwa mfungwa aliyekuwa gerezani Texas. Kumbuka kwamba kifua kikuu kilikuwa ugonjwa wa aibu. Watu waliwakimbia wagonjwa na familia ziliwaficha. Yeye alisimama mbele ya umati, amekonda, mkanda umekazwa mpaka tundu la mwisho, akawaimbia waziwazi kwamba anaumwa. Ukumbini mlikuwa na watu wenye ugonjwa uleule ambao hawakuwa wamemwambia hata jirani.

Wakati huo uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka tangu mwaka wa 1929. Watu hawakuwa na senti 75 za kununua sahani ya santuri wakati watoto wanalala njaa. Mauzo yakashuka, gharama za madaktari zikapanda. Jimmie naye, tuseme ukweli, hakuwa mtu wa kuweka akiba. Pesa zilimpitia mikononi kama maji, alipenda magari ya fahari na alikuwa mwepesi wa kutoa. Ile nyumba kubwa ikauzwa, familia ikahamia San Antonio katika nyumba ya kawaida. Alipoweza aliimba redioni, aliposhindwa alilala. Madaktari walimwamuru apumzike. Akapumzika siku mbili, ya tatu yuko barabarani. Alijua kwamba akifa leo, mke na binti hawana kitu isipokuwa nyimbo ambazo hajaziimba.

SIKU ZA MWISHO

Mwezi wa Mei 1933 alisafiri kwa meli kutoka Galveston, Texas, hadi New York, akiwa na muuguzi pembeni yake. Tarehe 17 akaanza kurekodi. Studioni waliweka kitanda kidogo. Aliimba wimbo mmoja, akalala, akainuka, akaimba mwingine. Baada ya siku chache nguvu zilimwishia kabisa ikabidi akae hotelini. Tarehe 24 akarudi kumalizia. Wimbo wake wa mwisho aliuimba akiwa peke yake na gitaa, vilevile alivyoanza kule Bristol. Kwa jumla nyimbo za safari ile zilikuwa kumi na kitu. Mimi nikiwa na mafua tu huomba ruhusa ya kutokwenda gwaride!

Tarehe 26 Mei, 1933, Jimmie Rodgers alifariki katika hoteli yake mjini New York. Alikuwa na umri wa miaka 35. Mwili wake ulirudishwa kusini kwa treni, na inasimuliwa kwamba ilipokaribia Meridian usiku dereva alipiga honi yake kwa sauti ya chini ya maombolezo, mfululizo, mpaka ikaingia stesheni. Akazikwa katika makaburi ya Oak Grove, mjini kwao. Mwaka wa 1961 Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri lilipoanza kuwatunukia watu, yeye alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza, pamoja na Hank Williams na Fred Rose. Huitwa Baba wa muziki wa kantri.

ALIVYOFIKA KWETU

Sasa turudi nyumbani. Wakati wa ukoloni gramafoni na sahani za santuri zilifika hadi nchi ya Wakipsigis. Wazee waliosikia ile sauti ikiruka juu na kushuka, ikitoka ndani ya sanduku, walistaajabu. Mwimbaji hawakumwona wala nchi yake hawakuijua. Wakambuni wenyewe.

Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi nyimbo za wenyeji, alifika Kenya. Huko Kapkatet, Kericho, aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba Chemirocha kwa ala ya nyuzi iitwayo chepkong, ambayo ni jamaa ya nyatiti. Ndani ya wimbo wao Chemirocha ni nusu mtu nusu swara, naye anaalikwa acheze mpaka nguo zimvuke. Wanaume nao walirekodiwa wakiimba nyimbo zao za Chemirocha. Rekodi hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini kwa miaka mingi, na yapata miaka 65 baadaye, mwaka wa 2015, habari zilienea za kurudishwa kwake kijijini, wazee wakasikiliza sauti za ujana wao.

Yaani mtu aliyekufa kitandani New York mwaka wa 1933 alikuwa akichezewa ngoma Kericho mwaka wa 1950, na nyanya yangu anamwimba jikoni hadi leo. Na ukiuliza kwa nini matatu za kwetu hupiga nyimbo za Jim Reeves, Dolly Parton na Kenny Rogers kutoka asubuhi hadi jioni, sasa unajua kwamba njia ilikwisha fyekwa zamani.

KWA NINI NIMEYAANDIKA HAYA

Nitamalizia kwa jambo la kwetu nyumbani, na mjomba amenipa ruhusa. Mwaka huu alikohoa miezi miwili. Alisema ni ukungu wa mashamba ya chai. Mama alimsukuma mpaka akaenda kupimwa, na ikawa ni kifua kikuu. Akapewa vidonge vya miezi sita, bila malipo, kwa kuwa katika hospitali za serikali dawa hii hutolewa bure. Mwezi wa pili kikohozi kikakata, uzito ukarudi, naye akaanza kunong'ona kwamba amepona, vidonge vinamchosha, na asije akaonekana kliniki na watu wanaomwalika harusini.

Siku hiyo nilichukua daftari langu nikamsomea habari za Chemirocha wake, kuanzia ile damu ya 1924 hadi kile kitanda cha studio. Nilipofika mahali pa dawa iliyogunduliwa miaka 10 baada ya mwenyewe kuzikwa, mjomba hakucheka tena. Aliitazama ile pakiti ya vidonge kwa muda. Jimmie Rodgers angeuza magitaa yake yote kwa pakiti kama ile. Tangu jioni hiyo nyanya ndiye anayemsimamia akimeza, na ninapoandika haya amebakisha mwezi mmoja.

Baba yangu naye alikuwapo. Baba ana msimamo wake kwamba gitaa ni kazi ya wavivu, na alikwisha kuniambia nikitaka kuimba nisubiri nimalize chuo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila neno kwenda kufunga ng'ombe. Lakini Jumapili iliyofuata alimbebea mjomba lile gitaa hadi barabarani, ili asihangaike na mzigo. Sijui kama amebadili nia. Mimi nimeyaona hayo na yananitosha kwa sasa.

Wanafunzi wenzangu, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Jimmie alinyimwa mama, shule, afya na mtaji. Alichoachiwa ni sauti na gitaa, akavitumia mpaka siku mbili kabla ya kufa. Wewe unayejua kuchora, kushona, kukimbia au kughani shairi, usingoje kualikwa. Na wewe unayekohoa usiku bwenini ukijifunika blanketi ili tusisikie, nenda kapimwe. Hakuna aibu. Dawa ipo.